Tamthilia za Kichina za kale: ipi ulipie kwanza

Kabla hujatoa hela yako kwa tamthilia yoyote ya Kichina ya enzi za wafalme, angalia tafsiri kwanza, mavazi na mapanga baadae. Hizi stori vita yake iko mdomoni jamani, mtu anamkaribisha mwenzie chai huku anamchimbia kaburi kwa maneno matamu, sasa ukinunua ile ambayo kuna mtu anaongea juu ya picha na anaruka nusu ya maneno, hapo hujanunua kitu. Mi nilishauziwa flashi ina epsodi 40 naambiwa ndo mwisho, kumbe ziko 76, niliumia sana. Siku hizi nalipia VIP ya mwezi mmoja iQIYI au WeTV, zile app za Kichina za kuangalia tamthilia, nikiwa najua kabisa naenda kumaliza nini, na hela ikikosekana naingia kwenye chaneli zao rasmi za YouTube, wanaweka nyingi bure, unavumilia matangazo tu.

Bando nalo lipigie hesabu. Epsodi ya dakika 45 kwenye 480p, yaani ubora wa picha wa kawaida, kwangu inakula kama MB 300, kwa hiyo tamthilia ya epsodi 54 ni GB 16 hivi, na sio kila tamthilia inastahili GB 16 zako.

Namba moja kwangu ni Nirvana in Fire ya 2015, ndo hiyo ya epsodi 54. Hu Ge anacheza Mei Changsu, mtu aliyenusurika kwenye jeshi la watu 70,000 lililoteketezwa kwa kusingiziwa uasi, miaka 12 baadae anarudi mji mkuu na sura nyingine na jina lingine, mgonjwa, anakohoa, upanga hawezi tena, kilichobaki ni akili yake na anataka majina ya wenzie yasafishwe. Epsodi tatu nne za mwanzo majina yatakuchanganya, vumilia, yaandike hata kwenye karatasi. Kuna sehemu mama yake Prince Jing, mmoja wa watoto wa mfalme, anapika vitafunwa anavipanga kwenye makasha mawili, moja la mwanae moja la mgeni, ndo Mei Changsu, mwana anakuja kuona la mgeni halina vile vya hazelnati (aina ya njugu) ambavyo yeye ndo anavipenda kuliko vyote, anashangaa. Ni kasha la chakula tu, ila ukikumbuka ni nani zamani hazelnati zilikuwa zinamdhuru, aisee mwili wote unasisimka.

Namba mbili ni Empresses in the Palace ya 2011, epsodi 76, Sun Li ndani ya ikulu ya mfalme Yongzheng, anaingia binti mpole na unamuona anavyobadilika kidogo kidogo mpaka unamuogopa huku bado unamuonea huruma. Hapa kuwa makini maana kuna toleo lililokatwakatwa likabaki sehemu 6 za dakika 90, usilichukue, ladha yote iko kwenye zile siku ambazo hakuna kinachotokea, wanawake wamekaa wanapimana kwa maneno. Kama huna subira ya hivyo chukua Story of Yanxi Palace ya 2018, epsodi 70, mdada mdarizi anaingia ikulu kutafuta aliyemuua dada yake na hakubali kuonewa hata siku moja, inaenda mbio.

Upande wa miujiza na mapepo naiweka mbele The Untamed ya 2019, epsodi 50. Mapigano yaliyotengenezwa kwa kompyuta sio mazuri kivile, nasema ukweli, na inaanzia mwisho kisha inarudi nyuma miaka 16 na inakaa huko mpaka epsodi ya 33, lakini Xiao Zhan na ile filimbi yake atakuliza.

Mwenye bando dogo achukue Love Between Fairy and Devil ya 2022, epsodi 36 tu, rangi nzuri, unacheka halafu unalia. Kwa ujumla zilizotoka baada ya 2020 ni fupi kidogo, maana mwaka huo serikali ya China ilitaka tamthilia zisizidi epsodi 40.

Eternal Love ya 2017 wengi mnaisifia, epsodi 58 za mapenzi ya maisha matatu. Yang Mi kajitahidi, ila katikati inajivuta mno, ukiipata bure iangalie, kuilipia mi hapana.