Beast Academy: hisabati ya nyumbani kwa mtoto mwenye kipaji

Nimevitumia vitabu vya Beast Academy, ngazi ya 3 na ya 4, kufundishia nyumbani hapa Dodoma. Kwa mtoto anayemaliza zoezi wakati wenzake bado wanapiga mstari wa pambizo, navipendekeza, ila kwa masharti.

Vinatolewa na Art of Problem Solving ya Marekani. Kila ngazi ina sehemu nne, A hadi D, na kila sehemu ina kitabu cha maelezo kilichochorwa kwa katuni pamoja na kitabu cha mazoezi. Ngazi moja, basi, ni vitabu vinane. Usiagize vyote kwa mpigo. Anza na jozi moja, mtoto aionje.

Ubora wake ni kina. Mipango mingi ya watoto wenye akili humrusha mtoto darasa tu: yuko la tatu, anapewa hesabu za la tano, mbinu zilezile na namba kubwa zaidi. Hapa namba ni ndogo, fikra ndiyo nzito. Mfano ni sura ya namba za mraba katika 3B. Mpe mtoto vizibo vya soda 25 avipange 5 kwa 5. Aondoe safu ya juu, ajaribu kuisimamisha pembeni. Pembeni panahitaji vizibo vinne tu, kimoja kinabaki mkononi. Ameona kwa macho yake kwamba 4 × 6 ni 25 kutoa 1. Sasa muulize 29 × 31. Hatahitaji kupanga wima: 900 kutoa 1, jibu 899.

Kosa la kwanza la wazazi ni kuchagua ngazi kwa kufuata darasa. Mtoto wa darasa la nne au la tano anaweza kabisa kuanzia 3A, kwa sababu kuzidisha kwa 4A kunaegemea mambo ya 3B. Tovuti yao ina majaribio ya bure ya kupima ngazi. Kipimo changu: katika maswali kumi, akipata saba au nane bila msaada, ngazi inamfaa. Akimaliza yote kumi bila kukuna kichwa, mpandishe.

Maswali magumu yamewekewa nyota, na nyuma ya kitabu kuna vidokezo na majibu yenye maelezo. Usikimbilie huko. Mwache ahangaike dakika 15, ikishindikana swali lilale hadi kesho. Mtoto aliyezoea kupata vyote hulia hapa mwanzoni, na ndipo anapoanza kujifunza kweli.

Lugha ni Kiingereza. Someni katuni pamoja, naye aandike istilahi zetu nyuma ya daftari: namba tasa, kigawo, kigawe, kiasi na asili. Pauni na galoni zigeuze ziwe kilo na debe la lita 20, vitu anavyoviona Soko la Majengo. Kuwa makini na mafumbo ya sarafu. Senti 5 na 10 zinageuka vizuri kuwa shilingi 50 na 100, lakini senti 25 ingekuwa shilingi 250, sarafu tusiyo nayo; ukiweka ya 200, idadi ya njia za kupata jumla itabadilika. Kokotoa jibu jipya mwenyewe kwanza.

Vitabu hivi havimwandai mtoto kwa mtihani wa taifa. Siku nne za wiki, dakika 40, tumia hivi. Ya tano tumia Hisabati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, inayosomeka bure kwenye maktaba mtandao yao. Hapo mkumbushe jambo moja kuhusu MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa). Akiifuata herufi kwa herufi katika 10 − 4 + 3, atajumlisha kwanza apate 3. Jibu ni 9, maana kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa, hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia.