Uzoefu wangu na swichi ya MikroTik CRS326: kuruhusu usimamizi kutoka anwani chache tu

Swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta katika mtandao) ninayoitathmini hapa ni MikroTik CRS326-24G-2S+RM, yenye poti 24 za gigabiti 1 na poti 2 za gigabiti 10, ambayo ninaisimamia katika chuo chenye maabara za kompyuta na ofisi za utawala. Kasi yake inatutosha, na kuhusu hilo sina la kuongeza. Ninachotaka kukieleza kwa kirefu ni namna inavyomwezesha msimamizi kuamua ni anwani zipi za IP zinazoruhusiwa kugusa mipangilio yake, jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi dukani.

Katika RouterOS, mfumo endeshi wa vifaa vya MikroTik, kazi hiyo hufanyika kwenye menyu ya IP, sehemu ya Services, ambako kila huduma ya usimamizi imeorodheshwa pamoja na namba ya poti yake (hapa si tundu la kebo, bali namba inayotambulisha huduma): SSH na Telnet, za kuandika amri ukiwa mbali, 22 na 23, ukurasa wa wavuti 80, Winbox, programu ya MikroTik ya kusimamia vifaa vyake, 8291 na nyinginezo. Nilizima zote isipokuwa SSH na Winbox, kisha katika nafasi iitwayo Available From nikaandika mtandao mdogo wa kompyuta za mafundi peke yake. Nafasi hiyo ikiachwa tupu, swichi humpokea yeyote anayeweza kuifikia, awe mhasibu au mwanafunzi aliyechomeka kompyuta mpakato yake maabara, na kinachobaki kumzuia ni nenosiri tu.

Wapo wanaosema kwamba nenosiri gumu linatosha. Siafikiani nao hata kidogo, kwa kuwa mwaka 2018 udhaifu wa kiusalama uliosajiliwa kama CVE-2018-14847 ulimwezesha mtu asiye na nenosiri lolote kusoma faili la watumiaji kupitia huduma ya Winbox. Kampuni ilitoa marekebisho mwezi Aprili mwaka huohuo katika toleo la RouterOS 6.42.1, lakini vifaa vingi ambavyo wenyewe hawakuvisasisha viliendelea kuvamiwa na kutumiwa kuchimba sarafu za kidijitali.

Hata hivyo, orodha ya anwani ina mpaka wake, na hapa ndipo ninapowasihi mafundi wenzangu wawe makini. Winbox inaweza pia kuingia kwenye swichi kwa kutumia anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, bila kutumia anwani ya IP kabisa, na njia hiyo haiangalii Available From wala kanuni za faiawoli (kichujio cha mawasiliano) ya IP. Aliye kwenye mtandao uleule wa ndani anaweza kuijaribu hata kama umeandika anwani moja tu kwenye orodha yako. Dawa yake imo kwenye Tools, sehemu ya MAC Server, ambako unachagua ni poti zipi za kebo zinazokubali njia hiyo. Mimi niliiachia poti moja tu, niliyoitenga na nyingine zote, nayo imo ndani ya kabati linalofungwa kwa ufunguo, ili ibaki kuwa mlango wa dharura. Kuizima kabisa kungewezekana, kwa kuwa swichi hii ina pia poti ya konsoli, ya kuisimamia moja kwa moja kwa kebo, lakini si kila fundi hutembea na kebo yake.

Ifahamike vilevile kwamba Available From haiifichi poti ya huduma, kama ile 22 au 8291. Anayechunguza mtandao bado anaweza kuiona iko wazi, ingawa hatahudumiwa. Kwa sababu hiyo niliongeza kanuni ya faiawoli inayotupa mapema pakiti zinazotoka kwingine.

Kinachonipendeza zaidi ni Safe Mode. Ukiiwasha kabla ya kubadilisha orodha, kisha muunganisho wako ukakatika, swichi hurejesha mipangilio ya awali yenyewe, ingawa kusubiri kunaweza kufika dakika 9. Ni vyema kuliacha dirisha la kwanza la Winbox wazi na kufungua la pili kwa majaribio. La pili likikubali, ndipo utoke Safe Mode.

Kompyuta za mafundi tumezipa anwani za kudumu, maana anwani inayobadilika kila asubuhi haiwezi kuaminiwa. Fundi anayelazimika kufanya kazi akiwa nyumbani huingia kwanza kwa WireGuard, njia ya siri ya kuunganisha kompyuta na mtandao wa chuo kupitia intaneti, iliyomo katika RouterOS 7, na mtandao huo ndio pekee tuliouongeza kwenye orodha.