Dronabinoli: tumbo limetulia, kichwa je?

Nawaandikia wenzangu mnaopigwa kemo, yaani dawa kali za saratani, huku Marekani, mkaandikiwa dronabinoli, dawa yenye ujamaa na bangi na hamjui mtamwelezaje mama nyumbani. Wangu yuko Tanga. Nilimwambia ni dawa ya kichefuchefu, basi.

Ndani ya kidonge mna THC, ile ile inayolevya kwenye bangi, ila hii imetengenezwa maabara na kuyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta. Mwenye mzio wa ufuta asiiguse. Wala si ya juzi: iliruhusiwa hapa mwaka 1985 kwa jina la Marinol, kwa wagonjwa wa kemo ambao dawa za kawaida hazikuwafaa.

Ndiyo yaliyonikuta. Ondansetroni, dawa ya kawaida ya kichefuchefu, ilizuia kutapika siku ya dripu ya kemo, lakini siku zilizofuata kitunguu kikikaangwa tu nakimbilia chooni. Daktari akaongeza dronabinoli ya miligramu 5, nimeze saa moja hadi tatu kabla ya dripu, kisha nirudie kwa saa alizopanga. Ukingoja tumbo lichafuke kwanza, kidonge chenyewe kinarudi.

Nilikula, jamani! Uji wa ulezi, halafu wali na samaki wa kupaka, na nikaomba kuongezewa. Haikunishangaza sana, maana tangu 1992 inatumika pia kuwarudishia hamu ya kula wagonjwa wa UKIMWI waliokonda.

Sasa kichwa. Kinywa kinakauka, moyo unaenda mbio, ukisimama ghafla unapepesuka. Jioni moja nilicheka peke yangu mbele ya taarifa ya habari, na habari yenyewe ilikuwa ya mafuriko. Wifi alinitazama, hakusema kitu. Gari usiliguse, na mwanzoni awepo mtu nyumbani. Daktari aliponishushia hadi miligramu 2.5 ndipo tukaelewana, mimi na hiyo dawa.

Wapo walionishauri niachane na vidonge, nivute tu. Siwezi. Kidonge najua nimemeza kiasi gani. Tena baadhi ya wanaovuta kwa miaka mingi hupata ugonjwa wa kutapika unaotokana na bangi yenyewe, wakawa wanashinda bafuni kwenye maji ya moto kutafuta nafuu.

Bima ilikataa kulipa mpaka daktari alipoandika barua, kwa hiyo anzeni mapema. Tumbo nalipa nyota nne, kichwa mbili. Na nikienda Tanga sitaitia kwenye begi kabla sijauliza ubalozini.