Regyuleta haikuwa na kosa, geji ndiyo iliyonizungusha

Nimekaa na regyuleta hii ya mafuta ya kurekebishwa kwa mkono (kifaa kinachodhibiti presha ya petroli inayokwenda kwenye injini), iliyokuja na geji yake ya presha, miezi minane, kwenye gari nililolifunga turbo, nozeli kubwa (zinazopulizia petroli ndani ya injini) na pampu ya lita 255 kwa saa. Niliinunua kwa sababu pampu mpya ilikuwa inaizidi nguvu ile ya kiwandani: tundu lake la kurudisha mafuta ni dogo, basi presha ikawa inapanda yenyewe.

Kuifunga hakukunisumbua. Unachomoa mpira wa vakyumu (unaoipelekea regyuleta presha ya hewa ya injini) na kuuziba, injini ikiwa inanguruma unakaza skrubu ya juu mpaka geji isome bar 3, unafunga nati, unarudisha mpira. Hapo mvuto wa hewa wa injini unaishusha presha kama nusu bar, na ndivyo inavyotakiwa. Turbo ikisukuma bar 1, mafuta yapande hadi bar 4, ili nozeli ibaki na tofauti ileile ya bar 3 kati ya mafuta na hewa inayoingia siku zote.

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Siku ya pili, baada ya nusu saa barabarani, nikafungua boneti nikakuta sindano imeshuka chini kabisa ya bar 2. Nikakaza skrubu. Kesho yake asubuhi presha iko juu, nikalegeza. Jioni imeshuka tena, nikakaza. Wiki nzima hivyo. Plagi zikawa nyeusi kwa masizi, sailensa inanuka petroli, gari linamisi likiwa limesimama. Nilishaanza kuandika maoni ya nyota moja, nawaambia ukweli.

Rafiki yangu fundi hakugusa regyuleta. Alibinya tu kizibo kidogo cha mpira kilicho juu ya geji, ikatoa "psss", na sindano ikaruka mpaka pale ilipostahili kuwa. Geji hii imejazwa kimiminika ili sindano isitetemeke, na imefungwa kabisa. Joto la injini likiipata, kimiminika kinatanuka, presha ndani ya geji inapanda na kuusukuma ule mrija unaopima, kwa hiyo inasoma pungufu. Presha yenyewe haikuwa imeshuka hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa naipandisha kila jioni, petroli ikazidi.

Nikaiondoa geji, nikaweka kihisi cha umeme kinachorekodi kwenye kompyuta ya injini, nimekining'iniza kwenye mpira mfupi ili mtikisiko usikiue. Nikarudisha presha ya msingi bar 3. Masizi yakaisha.

Ila rekodi ikafichua ugonjwa mwingine, na huu ulikuwa wa kweli. Gia ya tatu, mguu umezama, presha inapanda sambamba na turbo hadi mizunguko 5,000 hivi kwa dakika, kisha inagoma kwenye bar 3.5 badala ya 4. Unaweza kuiona nusu bar kama kitu kidogo, lakini nozeli hapo inapitisha karibu asilimia 9 pungufu, na ni wakati injini inahitaji mafuta kuliko wakati wowote. Pistoni huungua hivyohivyo. Nikaacha kukanyaga mpaka nijue.

Chujio lilikuwa jipya. Mpira wa ndani ya tangi nao mzima (huo lazima uwe wa kuzamishwa kwenye mafuta, ule wa kawaida hulainika ukapasuka). Nikachukua mita ya umeme: betri inatoa volti 13.9, kwenye pini za pampu mzigo ukiwa umepanda zinafika 11.2. Waya za kiwandani zilikusudiwa pampu ndogo, kwa hiyo pampu kubwa ilikuwa inakosa umeme. Nikavuta waya mnene kutoka betri, fyuzi karibu na betri yenyewe, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), na eathi mpya. Sasa pampu inapata 13.5 na mstari wa presha unaufuata ule wa turbo mpaka juu.

Kwa hiyo regyuleta naipa nyota nne. Miezi minane na haijahama hata mara moja tangu nilipoacha kuichezea. Nyota moja naikata kwa kifurushi: geji ya aina ile kuwekwa juu ya injini bila karatasi hata moja ya onyo. Ukiinunua, geji itumie kupimia injini ikiwa baridi tu, kisha ichomoe na uzibe tundu lake kwa plagi ya chuma iliyomo kwenye boksi. Mimi yangu iko kwenye droo ya spana.