Niliagiza beking pauda, wakaniletea magadi soda, kisha wakaniambia nimekosea mimi

Ni wiki kadhaa sasa na hasira haijaisha. Usiku uleule nilitaka kuandika, nikaacha, kwa sababu kila sentensi ilikuwa inaanza na tusi.

Huduma yenyewe ni ile ya kuagiza vyakula kwa simu. Unachagua unachotaka, kuna mtu ghalani anakukusanyia, kijana anakuletea hadi mlangoni. Jina lao siwatajii. Nimewatumia karibu mwaka mzima, na kabla ya siku hiyo nilikuwa mtu wa kuwasifia kwa kila anayenisikiliza. Anayechagua mboga pale anaijua kazi yake vizuri sana. Nyanya hazijawahi kunifikia zimepondeka. Majani ya kupikia yanakuja mabichi kweli, hayajalala. Mayai ukiyatia kwenye bakuli la maji yanalala chini kabisa, hayasimami wima wala hayaelei, ndiyo ujue ni mapya. Mimi napenda kupika, na mtu anayependa kupika hamsahau mtu aliyemchagulia nyanya nzuri.

Sasa nije kwenye keki.

Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mama. Mama si mtu wa kuomba vitu, lakini mwaka huu alitamka mwenyewe kwamba anataka keki ile ya kawaida, isiyo na mapambo: siagi, sukari, mayai, unga, basi. Hiyo ndiyo keki ya kwanza niliyojifunza kuoka nikiwa msichana, naye ndiye aliyenifundisha. Siagi gramu 250, sukari gramu 250, unga gramu 250, mayai manne, na vijiko viwili vya chai vya beking pauda. Naweza kuioka usingizini.

Nikaagiza kila kitu kwao. Vitu vikaja kwa wakati, vimepangwa vizuri kama kawaida yao. Beking pauda wanaipima wenyewe kwenye vifuko vidogo vyeupe na kubandika stika. Stika ya kifuko changu iliandikwa BEKING PAUDA kwa herufi kubwa. Sikuwa na sababu ya kutilia shaka.

Nikachapa siagi na sukari mpaka ikawa nyeupe na nyepesi. Nikaongeza mayai moja baada ya jingine, nikachekecha unga na ile pauda mara mbili, nikatia kwenye oveni nyuzi 180. Baada ya dakika kama 20 nikasikia harufu nisiyoijua. Nikachungulia kwenye kioo: keki imepanda haraka kuliko kawaida, imekuwa kahawia kabla ya muda, na katikati imeanza kuzama. Nilipoitoa na kuionja ukingoni, mdomo wote ulijaa ladha ya sabuni na chuma.

Nikajilaumu. Nikafikiri siagi ilikuwa ya moto mno, au pengine nilichapa kupita kiasi. Nikatupa keki nzima, nikatumia siagi na mayai yaliyobaki kuoka nyingine, safari hii kwa uangalifu wa mtu anayefanya mtihani. Ikatoka vilevile. Na wageni walishafika.

Ile ya pili niliipeleka mezani kwa sababu sikuwa na kitu kingine. Mama akakata kipande, akatafuna polepole, akanywa maji. Kisha akanishika mkono akasema, "Usijali mwanangu, siku nyingine itatoka vizuri." Alisema kwa upendo, najua. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha keki hiyo, na kwa maneno hayo nilijua anafikiri mkono wangu umeharibika. Nami usiku ule nilifikiri hivyohivyo.

Walipoondoka nikarudi jikoni nikiwa sina raha. Nikachukua nusu kijiko cha ile pauda nikaitia kwenye maji ya moto kiasi. Beking pauda nzima lazima itoe povu hapohapo. Hii ilinyamaza, ikazama. Nikasema aha, imekufa, imekaa sana ghalani. Lakini iliyokufa isingeipandisha keki kwa kasi ile. Nikatia nusu kijiko kingine kwenye siki. Lahaula! Povu lilipanda likamwagika mezani. Kitu kinachonyamaza kwenye maji na kuchemka kwenye siki ni magadi soda, si beking pauda.

Nikafungua risiti kwenye simu, nikashuka mpaka chini kabisa, baada ya jumla, baada ya shukrani zao. Maandishi ya kijivu, madogo: bidhaa 1 imebadilishwa kwa mbadala. Yaani walijua! Walijua wameweka kitu kingine, na stika wakabandika ya kile nilichoagiza.

Kwa wasiooka, nieleze kwa nini nimewaka hivi. Magadi soda ni kitu kimoja tu, sodiamu baikaboneti. Inataka tindikali ili ifanye kazi: mtindi, limao, siki, asali. Ikikutana nayo inatoa gesi na kuumua unga, na ladha yake inaisha. Isipokutana na tindikali, moto wa oveni unaivunja hata hivyo, gesi inatoka, lakini nyuma yake kinabaki kitu kikali chenye ladha ya sabuni, na keki inabadilika rangi haraka. Beking pauda ina soda hiyohiyo ndani yake lakini kidogo, imechanganywa tayari na tindikali kavu, na wanga wa kuizuia isivute unyevu. Ndiyo maana inaitikia maji peke yake. Soda tupu ina nguvu kama mara tatu au nne zaidi. Vijiko vyangu viwili vilikuwa vya kutosha kilo nzima ya unga, na unga huo uwe na mtindi au limao. Mimi nilikuwa na robo kilo, na hakuna tindikali hata tone.

Beking pauda yenyewe ilianza na mtu aliyemhurumia mtu wake. Mwaka 1843 kule Uingereza, Alfred Bird aliitengeneza kwa sababu mke wake alikuwa hawezi vitu vya hamira. Alitaka mke wake naye ale mkate kama watu wengine. Kila nikikumbuka hilo, halafu nikikumbuka sauti ya yule kijana wa huduma kwa wateja, damu inapanda upya.

Maana nilipiga simu. Asubuhi iliyofuata, nikiwa nimetulia, nikamweleza taratibu. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema:

"Dada, si vyote ni vya kuumua?"

Nikamwambia, "Kaka yangu, vyote ni vya kuumua lakini si kitu kimoja."

"Mfumo wetu unaviweka kundi moja. Wateja wengine hawajalalamika."

Nikamwuliza kuhusu stika. Kuhusu stika hakujibu. Akanyamaza kidogo, nikasikia anabofya bofya, halafu akatoa lile neno ambalo sijalisamehe mpaka leo:

"Labda uliweka nyingi."

Labda niliweka nyingi! Mtu ambaye hakuwepo jikoni kwangu, hajaiona keki, hajui tofauti ya vitu viwili anavyoviuza, ananiambia mimi nilikosea kipimo. Nilikuwa nimeshajilaumu usiku kucha. Nilikuwa nimeoka mara mbili. Mama yangu alikuwa ameshanifariji kwa kosa ambalo si langu. Kama angesema tu "pole dada, tumekosea," nadhani leo nisingeandika hata mstari mmoja. Watu hukosea, na mtu aliyeko ghalani usiku na vifuko vyeupe vinavyofanana anaweza kukosea.

Wakanirudishia pesa ya kile kifuko. Siagi nusu kilo, mayai manane, sukari, unga, jioni ya mama, hayo hawakuyagusa.

Nilifuta programu yao siku ileile na nikaapa sirudi.

Niwe mkweli lakini. Wiki mbili baadaye nilinunua mboga kwingine na nusu ya nyanya zilikuwa zimeoza upande wa chini. Nikawakumbuka. Nikaisakinisha tena, nikaingia kwenye mipangilio, nikatafuta mpaka nikapata pale pa kukataa mbadala. Pamefichwa ndani ya kurasa tatu, na mbadala huja tayari imewashwa bila wewe kuulizwa. Nikazima. Nikaagiza mboga na mayai tu. Vikaja vizuri ajabu, na moyo wangu ukalainika, nikasema pengine nawapa nyota tatu. Kisha ikanijia meseji yao: "Umeridhika na bidhaa mbadala uliyopokea?" Walikuwa wanauliza kuhusu ile soda. Hapana. Nyota moja, na hiyo moja ni ya anayechagua nyanya.

Kama unaoka na unatumia huduma za namna hii, zima mbadala leo, usingoje. Na kitu chochote cheupe cha kifukoni kijaribu kwanza kwenye maji ya moto na kwenye siki kabla hakijakutana na siagi yako. Ukijikuta na magadi soda peke yake na keki lazima iokwe, weka robo ya kijiko pale palipotakiwa kijiko kizima cha beking pauda, na ubadilishe sehemu ya maziwa kwa mtindi. Inatoka. Ningeambiwa mlangoni kwamba ni soda, ndivyo ningefanya, na mama angekula keki yake.

Jumapili iliyopita nilimwokea nyingine, kwa beking pauda niliyoinunua mwenyewe dukani kwenye kopo lililofungwa, nikaijaribu kwenye maji mbele yake. Ikatoa povu. Nikamwonyesha na ile nyingine ikinyamaza. Aliangalia vikombe vyote viwili kwa muda, akasema, "Kumbe hukukosea." Alikula vipande viwili akafunga cha tatu kwenye karatasi.

Kifuko kile bado ninacho, na stika yake haijatoka. Kuna mtu wa huduma hiyo akitaka kuja kukiona, nipo.