TAHADHARI: Difu ya Land Cruiser Mkonga iliyochomelewa meno inauzwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kama "ya Japani"

Wakuu, ukienda Gerezani kutafuta difu (gia zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) ya nyuma ya Land Cruiser Mkonga, yupo muuzaji atakayekuapia kuwa mzigo wake umeshuka na kontena juzi, haujaguswa na fundi yeyote. Usimpe hela. Difu aliyouza kwa gari moja ilikuwa na meno matatu ya krauni (gia kubwa ya duara ndani ya difu) yaliyokatika zamani, yakajazwa kwa kuchomelea, kisha yakasagwa kwa grainda. Shilingi 1,200,000 zimekwenda hivyo, na inauma kusema kwamba ilikaguliwa kabla ya kulipwa.

Alivyofanya ni hivi. Aliilaza difu juu ya tairi bovu, krauni ikiangalia chini. Akashika flenji ya propela (pale inapofungwa shafti inayoleta nguvu kwenye difu), akaizungusha kwa mkono nusu mzunguko kwenda, nusu mzunguko kurudi, hata mara sita. Laini kabisa, haigongi. Akapitisha kidole kwenye oili, rangi ya asali, safi. Akamulika tochi ya simu: meno manne au matano yanayoonekana yanang'aa, kingo zake kali. Na kweli yalikuwa mazima! Pinioni ya difu ile, yaani gia ndogo inayoizungusha krauni, ina meno 10 na krauni 41, maana yake flenji lazima izunguke mara nne na zaidi kidogo ndipo krauni imalize mzunguko mmoja. Kwa nusu mzunguko wa flenji unaona meno matano tu kati ya 41. Mabovu yalikuwa upande wa chini, na hakuruhusu difu igeuzwe. Alisema itamwaga oili kwenye mzigo wa watu. Ule ulaini nao ulikuwa wa grisi nzito aliyopaka kwenye beringi.

Mtu asiseme tulikurupuka. Bolti za krauni zilikuwa na alama ya rangi ya kiwandani, 41 na 10 zilisomeka, na fundi alikuwepo. Difu ya mbele ya gari ile ni 41 kwa 10, kwa hiyo uwiano wa 4.10 (41 gawa kwa 10) ulikuwa ndio wenyewe. Muuzaji alitaja hilo kabla hajaulizwa. Mtu anayejua uwiano unamwamini.

Ilipofungwa, kilomita 20 za kwanza kimya. Baadaye ikaanza kugonga, mara moja kwa kila mzunguko wa tairi. Huo ni ugonjwa wa krauni, kwa sababu krauni inazunguka sawasawa na tairi. Pinioni ingegonga haraka zaidi ya mara nne. Kufungua nati ya kumwagia oili, sumaku imejaa vipande. Difu ikashushwa. Jino moja limeng'oka lote, mawili yamepasuka pale pale kwenye mchomeleo, na pinioni imekwanguliwa. Zaidi ya hayo, namba ya jozi iliyochorwa kwenye krauni haifanani na ya pinioni. Vitu hivi viwili kiwandani vinasuguliwa pamoja, havitenganishwi maisha yao yote.

Jino la krauni limekomazwa juu kwa moto maalumu, tabaka jembamba gumu, ndani chuma laini kidogo ili lisivunjike kama glasi. Ukichomelea, joto linaua ule ugumu na kuacha nyufa pembeni ya mchomeleo. Ukiwa na mzigo kwenye mlima, jino linakatika, kipande kinaingia kati ya krauni na pinioni, magurudumu ya nyuma yanaweza kukwama ghafla. Anajua hivyo. Gari hizi zinabeba watu.

Aliporudishiwa, hakukana wala hakurudisha hela. Alileta nyingine akasema "difu ni difu, zote zinaingia". Kuingia itaingia, tundu zinalingana. Meno yakahesabiwa: 43 kwa 10! Nyuma 4.30, mbele 4.10. Ukiweka 4x4, magurudumu ya nyuma yakienda mita 100, ya mbele yanataka kwenda karibu 105. Kwenye mchanga yatateleza. Kwenye mawe au lami nguvu yote inaingia kwenye shafti na gia za transfa (giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma), hata lever ya 4x4 inagoma kutoka. Mtu kama huyu afikishwe polisi, afunguliwe kesi, afungiwe na duka. Wafanyabiashara waaminifu wa pale ndio wangetakiwa kuwa wa kwanza kumtoa.

Dalili, kwa kifupi: hataki difu igeuzwe, grisi mahali pa oili, jino lenye rangi ya bluu kwenye shina au mikwaruzo ya grainda, namba za jozi tofauti. Zungusha flenji mizunguko mitano mfululizo upande mmoja huku jicho likiwa kwenye krauni. Mwenye dayali (saa ya kupimia) apime uchezaji wa meno sehemu nne za krauni: takriban 0.15 hadi 0.20 mm, na usibadilike badilike.

Aliyekwisha kuifunga asiishie kubadilisha difu tu. Chomoa shafti zote mbili, osha mirija ya ekseli kwa dizeli hadi mwisho, pitisha ndani yake sumaku iliyofungwa kitambaa, weka beringi na oili sili mpya. Vipande vya chuma hukaa ndani ya mirija na kurudi kwenye difu mpya gari likilala upande. Weka oili ya gia ya daraja la GL-5, iendeshe kilomita 500 bila mzigo, imwage, kisha uiangalie sumaku tena.