Wiki 12 za mikanda ya Pavlik kwenye joto la Dar: uzoefu wangu

Januari nilipokuwa naitafuta hii mikanda, inayovalishwa mtoto mchanga ambaye nyonga yake haijakaa mahali pake, nilitaka nimpate mama mmoja tu wa Dar aliyewahi kuitumia anieleze ukweli: inafuliwaje, mtoto analalaje, unapanda nayo daladala au unajifungia ndani mpaka iishe. Sikumpata. Basi naandika mimi, maana binti yangu ameshaivua na sasa hivi anatambaa akivuta kila kitambaa cha meza anachokifikia.

Ni kifungua mimba wangu, wa kike, na tumboni alitanguliza matako mpaka mwisho, nikajifungua kwa upasuaji. Baadaye sana ndiyo nikaja kuambiwa kwamba mtoto mwenye hayo yote matatu nyonga zake zinatakiwa zichunguzwe hata kama haonyeshi shida yoyote. Wakati ule hakuna aliyenitajia. Niligundua mwenyewe kwenye kubadilisha nepi: mguu wa kulia unafunguka mpaka unalala kwenye godoro, wa kushoto ukifika nusu unagoma. Mikunjo ya mapaja nayo haikulingana. Siku ya chanjo ya wiki ya 6 nikamwonyesha nesi. Akaushika mguu juu ya suruali, akasema, "Mtoto mzima huyu mama, atanyooka tu," akaandika uzito kwenye kadi, akaita mwingine. Sitaji ni kliniki gani. Foleni ilikuwa imefika getini na yeye yuko peke yake. Lakini ile "atanyooka tu" inanikera mpaka leo, kwa sababu mguu wenyewe haukuwa umepinda.

Siku nne baadaye daktari mwingine alimvua nguo zote, akamlaza chali, akamkunja magoti na kuyafungua mapaja taratibu. Upande wa kushoto nikaona mkono wake umesimama. Akachukua kidole changu akakiweka pale pale, akarudia. Kitu kilidunda kwa ndani, kama mnyororo wa baiskeli unaporuka jino moja. Mtoto hata hakulia. Na hapo ndipo wengi tunapopotea: haiumi. Ananyonya, anacheka, ananenepa, nyonga haijakaa mahali pake.

Tukaandikiwa ultrasaundi. Kwa umri ule eksirei haisaidii sana, kwani kichwa cha mfupa wa paja bado ni gegedu, na gegedu kwenye eksirei halionekani. Wanapima kitu wanachokiita pembe ya alfa. Nyonga iliyokomaa inatakiwa ifike digrii 60 na kuendelea. Kulia alikuwa na 62. Kushoto 47. Daktari wa mifupa alitueleza kwa kikombe cha kahawa: kichwa cha mfupa wa paja ni duara, kinakaa kwenye kikombe cha nyonga, na kikombe cha huyu mtoto hakina kina, kwa hiyo kichwa kinatelezea ukingoni. Mikanda inaiweka miguu imekunjwa na kutanuka kama ya chura, kichwa kinakaa katikati, kikombe kinakua kukizunguka. Basi. Hakuna sindano, hakuna dawa ya kunywa. Aliyeibuni alikuwa daktari wa Kicheki, Arnold Pavlik, na ujanja wake ni kwamba mtoto anaendelea kurusha miguu humo humo ndani.

Nililia kwenye bajaji mpaka Tabata. Dereva akazima redio bila kuambiwa.

Sasa mikanda yenyewe. Kuna mkanda mpana wa kifuani unaopita usawa wa chuchu, vikanda viwili vya mabegani vinavyopishana mgongoni, na kila mguu una kiatu cha kitambaa chenye kamba mbili: ya mbele inaukunja mguu, ya nyuma inauzuia usirudi kugusana na mwenzake. Vyote vinafungwa kwa velkro, ule utepe wa kunatana. Ukiitazama mezani unaona kitu cha kawaida kabisa, na ile bei, ambayo kwetu ilikuwa sawasawa na kodi ya mwezi mmoja, inakuuma. Muuzaji wa vifaa tiba tuliyemfuata kwanza alituapia kwamba saizi moja inaenea watoto wote wachanga. Haienei. Daktari alipoivalisha, mkanda wa kifuani ulishuka mpaka tumboni, akaivua palepale. Dukani hela hawakurudisha. Tulibadilishiwa baada ya mume wangu kukaa kwenye kiti chao kuanzia saa nne asubuhi mpaka adhuhuri. Kabla hujalipia, pima mzunguko wa kifua cha mtoto chini ya kwapa kwa futi ya fundi cherehani, andika, nenda na hiyo namba. Ikiwezekana acha daktari ndiye aseme saizi.

Halafu ukishavalishwa hospitali, usiguse. Daktari wetu alichora mstari kwa kalamu ya wino kwenye kila kamba, pale velkro inapoanzia. Mstari ukisogea, unarudi kwake, hujirekebishii mwenyewe ukisema "nimlegezee kidogo apumzike." Kamba za nyuma zikivutwa kupita kiasi zinaweza kubana damu inayolisha kichwa cha mfupa, ile ya mbele ikizidi inabana mshipa wa fahamu wa pajani. Dalili ya hilo la pili ni mguu kuacha kurusha teke. Tuliambiwa tukiliona tuje siku hiyohiyo, tusingoje miadi.

Usiku mmoja wa wiki ya pili, saa tisa, nikaona mguu wa kushoto umetulia. Nikamtekenya unyayo. Kimya. Nikamtekenya tena, nikainama na tochi ya simu nione vizuri, akanipiga teke la kidevu. Sijawahi kufurahia kupigwa kama siku ile.

Wiki 2 za mwanzo haikuvuliwa kabisa, saa 24. Baada ya hapo tuliruhusiwa kuivua mara chache, kwa ratiba ya daktari, aogeshwe vizuri. Sasa jumlisha na Januari ya Dar, umeme unakatika, feni imesimama, ukuta wenyewe unatoa jasho. Mkanda wa kifuani ulilowa. Nyuma ya magoti, kwenye ule mkunjo, ngozi ikawa nyekundu, ikataka kuchubuka. Nilimpaka poda kama nilivyozoea na poda ikachanganyika na jasho ikawa uji. Kilichosaidia: fulana nyepesi ya pamba ndani, isiyo na mishono minene, na soksi ndefu za pamba zinazopita magoti. Za saizi yake sikuzipata. Nilinunua soksi za shule kwenye mitumba ya Karume, nikakata vidole nikazikunja kwa ndani. Mkunjo wa goti na kinena unafuta kwa kitambaa chenye maji, unakausha kwa kugusagusa, halafu unauacha upate upepo. Pampasi inakaa chini ya kamba, siyo juu, na ukimbadilisha usimnyanyue kwa vifundo vya miguu. Ingiza kiganja chini ya makalio.

Na inanuka. Watengenezaji hawatakuambia. Kufika siku ya 10 ilikuwa na harufu ya maziwa yaliyolala. Nilikuwa nasugua sehemu iliyochafuka kwa mswaki wa meno na sabuni ya kipande ikiwa mwilini mwake hivyohivyo. Nguo zake zote za kubana nilizifungia sandukuni. Aliishi kwenye vigauni vipana vya vifungo vya mbele.

Kunyonyesha ukiwa umekaa ilikuwa vita, miguu inagonga kila kitu. Kulala ubavu ndiyo ilitufaa. Yeye kwa siku 3 alilia usiku, siku ya 4 akalala kama aliyezaliwa nayo. Mimi nilichukua muda mrefu zaidi.

Kilichonichosha kuliko mikanda ni watu. Kwenye daladala konda anauliza kwa sauti, "Mama, kavunjika?" na abiria wote wanageuka. Kuna mama mmoja aliniambia nimepata hivyo kwa sababu nilikalia kinu nikiwa mjamzito. Nilijifunza kumfunika khanga na kukaa dirishani.

Mama mkwe alitoka Tanga wiki ya tatu. Akafika mlangoni, akamwangalia mtoto, hata shikamoo yangu hakuiitikia. "Mke mwenzangu mmemfunga kama mbuzi wa Idi?" Alikuja na mafuta yake ya nazi kwenye chupa. Wajukuu zake wote amewakanda kwa maji ya moto na kuwanyoosha viungo, mguu mmoja baada ya mwingine, tangu wakiwa wa siku 7, na wote wanatembea. Nikawaza nitamwambiaje huyu mzee kwamba kuivuta hii miguu inyooke ndiyo kitu ambacho nyonga ya huyu mtoto haikitaki? Mume wangu alijaribu akaishia kusema "Mama, daktari kasema," na mama akajibu kwamba daktari yule hajazaa.

Tukampeleka kliniki akamsikie mwenyewe. Daktari akamwamkia vizuri, akatoa kile kikombe cha kahawa na ngumi yake, akamwonyesha: ukiukunja mguu na kuutanua, ngumi inazama, ukiunyoosha na kuubana na mwenzake, inatoka. Akamwambia vilevile kuhusu kumviringisha mtoto khanga mpaka miguu ibane pamoja kama gunzi, kwamba nyonga changa haipendi. Mama alinyamaza muda. Halafu akauliza: "Na mbeleko?"

Daktari akacheka. Alisema mbeleko ni mikanda hii hii ya bibi zetu, mtoto kakumbatia mgongo, mapaja yametanuka, magoti juu. Akatuambia tatizo hili kwa Waafrika ni la nadra ukilinganisha na Ulaya, na kuna watafiti waliofanya kazi Malawi wanaoamini kubeba watoto mgongoni ni sehemu ya sababu. Akiwa ndani ya mikanda tusimbebe mgongoni mpaka yeye aruhusu, akishavua, "mbebeni mpaka mchoke."

Tangu siku ile mama akawa askari wa zamu. Jirani akinyoosha mkono tu amguse mtoto mguu, anaulizwa kama amesomea udaktari. Mafuta ya nazi akayahamishia kichwani kwa mtoto.

Kliniki tulikuwa tunaenda kila wiki, baadaye kila baada ya wiki 2, na kamba zinarekebishwa kadiri anavyokua. Kwa hapa Dar, madaktari wa mifupa utawapata MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na hospitali ya CCBRT kule Msasani. Nenda asubuhi mapema, beba maji na chakula. Ultrasaundi ya wiki ya 6 ya mikanda, upande wa kushoto ilisoma 55, ya wiki ya 12 ikasoma 63. Akavaa usiku tu kwa wiki 4 nyingine. Alipofikisha miezi 6 akapigwa eksirei, nyonga zote mbili zimekaa. Atarudi tena akianza kutembea, na huko mbele pia, maana wanataka kuona kikombe kinavyoendelea kukua.

Siyo kila mtoto inamfaa. Nyonga iliyotoka kabisa na isiyorudi ndani ya wiki 3 au 4 za mikanda, daktari anasimamisha mikanda, kwani kuendelea nayo kunaweza kuharibu zaidi. Na mtoto akishapita miezi 6 anakuwa na nguvu, anapigana nayo. Hapo inakuwa kulazwa usingizi na kufungwa hogo kuanzia kifuani mpaka miguuni. Kwenye benchi nilikaa na mama ambaye wake aligunduliwa akiwa ameshaanza kutembea, anachechemea. Alikuwa amembeba na hogo lake, mzito kama ndoo ya maji, anampepea kwa kadi ya kliniki. Hakuna aliyewahi kumfungua mapaja akiwa mchanga.

Nyota? Mikanda naipa 4. Moja nimeinyima kwa ile harufu na velkro, ambayo ilianza kuchoka wiki ya 9 kwenye bega la kushoto. Duka lile la kwanza sina nyota za kulipa.

Nimeifua, nikaianika kivulini, na daktari amesema niilete aikague kama inaweza kumfaa mtoto mwingine. Jana niliipeleka kwanza kwa fundi cherehani wa hapa mtaani anibadilishie ile velkro. Ameigeuza huku na huku, akaiinua juu kwa kidole, akaniuliza suruali yenyewe iko wapi.